Mcheza Kwao Hutunzwa. Lakini Atacheza Wapi?

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na katika kusema hivyo hawakukosea hata chembe. Lakini methali hiyo imeacha jambo moja bila ya kulitaja, kwa sababu zama zile halikuwa na haja ya kutajwa: kwamba huyo mcheza kwao anapo pahali pa kuchezea. Kila mtaa ulikuwa na uwanja wake, kila uwanja ulikuwa na ngoma yake, na mtu akitaka kumtuza mwenziwe alijua pa kumwendea. Hivi leo uwanja umejengwa duka, juu ya duka pamejengwa ghorofa, na mchezaji amebaki na ustadi wake mkononi kama mtu aliyebeba sinia ya pilau asiyejua aitue wapi.

Mombasa, kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, ina watu 1,208,333. Ina bandari inayolisha nchi kadhaa, ina timu ya wanawake ya mpira wa kikapu iliyopata kuwa bingwa wa Kenya, na waimbaji wake wamesikika tangu Lamu hadi Maskati. Lakini haina jumba kubwa la umma lenye paa ambamo watu elfu kadhaa waweza kuketi leo wakatazama mpira, kesho wakasikiliza taarabu, na kesho kutwa wakahudhuria mashindano ya mashairi bila ya kuhofia mvua. Na kila linapozuka suala hili barazani, hakosi mtu kunyosha kidole upande wa maziwa makuu na kusema: "Tujengeni kama lile la Kigali!"

Mimi nami nataka tujenge. Ila nasema, kabla ya kupima urefu wa kuta, na tupime kwanza jambo jingine. Jumba hilo litakuwa la nani katika usiku ule ambao hakuna mgeni mashuhuri, hakuna kamera, wala hakuna waziri aliyehifadhiwa kiti cha mbele? Kwa maoni yangu, huo usiku wa kawaida ndio unaolihukumu jumba, na miji mingi iliyojenga majumba ya namna hii imesahau kuuliza swali hilo mpaka saruji ilipokwisha kukauka.

Maadamu Kigali ndiyo inayotajwa, na tuitazame vyema. Mji ule si mkubwa kupita kiasi. Hesabu ya mwaka 2022 iliukuta na watu wasiotimia milioni mbili, ikiwa ni pamoja na vitongoji vyake. Jumba lao lilifunguliwa tarehe 9 Agosti, 1919 haikuwa, bali juzi tu, mwaka 2019. Lilijengwa na kampuni ya Kituruki iitwayo Summa kwa muda wa miezi kama sita, nalo lina nafasi ya watu 10,000. Limesimama Remera, ubavuni mwa uwanja wa Amahoro, jina ambalo kwa lugha ya Kinyarwanda maana yake ni amani. Katika uwanja huo, mwaka 1994, maelfu ya watu walikimbilia kujinusuru na mauaji chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Ni ardhi yenye kumbukumbu nzito, na kule kuamua kwamba hapo ndipo watu warudi kukusanyika kwa furaha si jambo dogo.

Tangu lilipofunguliwa, jumba hilo halikukosa wageni. Ligi ya Afrika ya mpira wa kikapu, ile ijulikanayo kwa herufi BAL, ilianzia humo mwezi Mei 2021, na Zamalek ya Misri ikaondoka na kombe. Mwaka huohuo yakafuata mashindano ya mataifa ya Afrika. Mwezi Machi 2023 wakuu wa kandanda duniani walifanya mkutano wao humo wakamrejesha Gianni Infantino kitini, na mwezi Desemba mwimbaji wa Marekani, Kendrick Lamar, akapanda jukwaani.

Sisi Wakenya tuna sababu ya peke yetu ya kulikumbuka jumba lile. Mwaka 1993 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mashindano hayo ya mataifa, na vijana wetu wakamaliza wa nne. Baada ya hapo tukapotea miaka ishirini na minane. Tulirudi mwaka 2021, Kigali, chini ya mwalimu wa kike kutoka Australia, Liz Mills, mwanamke wa kwanza kuiongoza timu ya wanaume katika mashindano yale. Vijana wakaifunga Mali, na watu wakashangilia hapa kwetu usiku ule. Lakini ni wangapi walioshangilia wakajiuliza kwa nini mtoto wa Likoni au wa Kisauni, akitaka kuiona timu ya taifa lake chini ya paa zuri, yampasa avuke mipaka ya nchi mbili?

Basi hizo ndizo sifa, na sifa zake jumba lile linazistahili. Sasa tufungue mlango tuingie ndani, kwani nyumba njema si mlango.

Jambo la kwanza ni fedha. Jumba la Kigali liliripotiwa kugharimu kiasi cha dola milioni 104. Mwaka 2022 Benki ya Kigali ilinunua haki ya kuliita kwa jina lake kwa muda wa miaka sita, na bei iliyotangazwa ilikuwa dola milioni 7. Ndiyo sababu hivi leo laitwa BK Arena. Biashara hiyo ilisifiwa sana, na kwa haki. Lakini mwanafunzi wa darasa la sita aweza kuchukua kalamu akapiga hesabu: milioni 7 kwa miaka sita ni kama milioni moja na kidogo kwa mwaka. Kwa fedha za jina peke yake, jumba lingehitaji karibu miaka 90 kurudisha gharama ya ujenzi. Kweli, liko kodi ya matamasha, ziko tikiti, na wako wageni walalao mahotelini wakala na kununua. Hata hivyo hesabu hiyo yatufunza kwamba mtu anayekwambia jumba la namna hii litajilipa lenyewe kama duka la nguo, ama hakupiga hesabu, ama amepiga na hataki uione.

Sisemi haya kwa kulivunjia hadhi. Maktaba haijilipi, na hakuna mwenye akili anayetaka ifungwe. Shule haijilipi. Lakini kitu kisichojilipa kwa fedha sharti kijilipe kwa watu, na hapo ndipo swali langu la usiku wa kawaida linapopata uzito wake. Kama fedha ni za umma na faida si ya fedha, basi umma lazima uione faida hiyo kwa macho, tena mara kwa mara, si mara moja kwa mwaka anapokuja nyota wa ng'ambo.

Jambo la pili ni hao wageni wenyewe. Twasema mgeni njoo mwenyeji apone, na ni kweli mgeni mkubwa huleta riziki. Lakini mgeni ana miguu yake. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipopamba moto mashariki ya Kongo, mwimbaji wa Nigeria, Tems, alitangaza kwamba hatafanya tamasha lake lililokuwa limepangwa Kigali mwezi Machi. Mwezi Februari John Legend alikwenda akaimba, naye akalaumiwa na wengi kwa kwenda. Sitaki hapa kuamua nani kati yao aliyefanya sawa. Yeye aliyekataa alikuwa na hoja yake, na damu iliyokuwa ikimwagika Goma si mchezo. Ninachotaka kuonyesha ni hiki: jumba linalotegemea nyota wa mbali laweza kuachwa tupu kwa tangazo la mistari mitatu. Jumba linalotegemea watu wa mtaani haliwezi kuachwa, kwa kuwa wao hawana kwingine kwa kwenda.

Na Kigali wenyewe walikwisha kuliona hilo. Mwezi Julai na Agosti 2023 mashindano ya mataifa ya Afrika ya wanawake yalichezwa katika jumba lile. Timu ya Rwanda, ambayo haikuwa ikihesabiwa miongoni mwa vigogo, ilipita hadi nusu fainali. Nigeria ndiyo iliyotwaa kombe. Lakini muulize Mnyarwanda yeyote aliyekuwamo ni usiku gani uliompandisha mori, kama atakutajia kombe la Nigeria. Mcheza kwao, mwanamke, tena mbele ya watu wake, chini ya paa lao: hapo methali ilitimia.

Hilo lanirejesha Pwani, na hasa kwa mabinti zetu. Mvulana wa Majengo akikosa uwanja hucheza mpira njiani, jioni akarudi kwao na vumbi lake, wala hapana anayemsema. Msichana hawezi. Akicheza penye wazi kila mpita njia ana neno la kumtupia, na babake, hata akiwa mtu mwelevu, atamzuia kwa kuchelea maneno hayo. Zamani palikuwa na kizuizi kingine: sheria za shirikisho la dunia la mpira wa kikapu, FIBA, hazikumruhusu mchezaji kufunika kichwa. Sheria hiyo ilibadilishwa mwaka 2017, na tangu Oktoba ya mwaka huo msichana mwenye hijabu aweza kucheza mashindano yoyote ya dunia. Walio mbali wamekwisha kumfungulia mlango, na sisi tulio karibu naye hatujamjengea chumba. Ukumbi wenye kuta, wenye taa, wenye vyumba vya kubadilia nguo, wenye jioni mbili au tatu za wiki zilizotengwa kwa wanawake, ungefanya kwa mabinti wa Mombasa kazi ambayo hotuba mia za Siku ya Wanawake hazijaifanya.

Kuna watu watakaosema: viko vikumbi vilivyopo. Ni kweli, nami sivibezi. Timu za Bandari zina ukumbi wao Makande, na ukumbi wa Tononoka umebeba mikutano, sherehe na michezo tangu enzi za wakoloni. Lakini Makande ni pahali pa shirika na Tononoka ni ukumbi wa kiasi chake. Mji uliokua mara nyingi kuliko ulivyokuwa hauwezi kuendelea kuvaa kanzu ya utotoni.

Sasa nije kwa jambo ambalo mhandisi atalisahau nisipomkumbusha, kwani wahandisi wa viwanja hufikiri zaidi juu ya mpira kuliko juu ya neno. Watu wa Pwani ni watu wa maneno. Muyaka bin Haji alisema na Mombasa nzima kwa tungo, na vyama vya beni vilishindana kwa mavazi, kwa ngoma na kwa mafumbo, mpaka serikali ya kikoloni ikaviogopa. Zein l'Abdin, aliyefariki mwaka 2016, na Juma Bhalo, aliyemtangulia mwaka 2014, waliimba maarusini mbele ya watu waliokaa chini ya maturubali, na wengi waliowapenda waliwajua kwa santuri na kanda kuliko kwa kuwaona jukwaani. Waimbaji wa kadiri hiyo, katika mji wa kadiri hii, hawakupata kujengewa ukumbi mmoja mkubwa wa kuwasikiliza kwa heshima yao.

Lakini si kila jumba hufaa kusikilizia. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard, huko Marekani, kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara ambao mtu akisema humo hasikiki. Si kwamba sauti ilikuwa ndogo, bali ilikuwa haifi: neno moja lilikaa hewani zaidi ya sekunde tano, likagongana na yaliyolifuata, na msikilizaji akaambulia uvumi mtupu. Mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, akapewa kazi ya kutafuta dawa. Usiku, mji ulipolala, alikuwa akihamisha mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani, anaipanga, anapima, anaiongeza, anapima tena. Akagundua kwamba ukubwa wa chumba huurefusha mwangwi, na vitu laini, kama mito, mapazia na hata miili ya watu, huufupisha. Kanuni yake ingali inatumika duniani kote hadi leo.

Maana yake kwetu ni nini? Ni kwamba jumba la saruji tupu na paa la bati, lililojengwa kwa ajili ya mpira peke yake, litamla mshairi akiwa hai. Kelele za mashabiki hustawi ndani ya mwangwi. Kina na mizani hufa humo. Udi na kanuni vitasikika kama masufuria yaliyoanguka jikoni. Na mvua ya masika ikishuka juu ya bati, hata imamu mwenye sauti kama tarumbeta hatasikika. Dawa ipo, wala si ghali ikifikiriwa mapema: dari ya kunyonya sauti, viti vyenye nguo, mapazia ya kushushwa usiku wa muziki na kupandishwa usiku wa mpira. Ghali ni kuja kuyatafuta hayo baada ya utepe kukatwa.

Vivyo hivyo kwa hewa yetu. Chumvi ya bahari hula chuma, na unyevu huvimbisha mbao za sakafu ya kuchezea mpaka mpira ukidunda pengine hurudi na pengine haurudi. Kila mwenye nyumba hapa Pwani ajua kwamba kujenga ni sherehe ya siku moja na kutunza ni kazi ya kila siku. Bajeti ya ujenzi ikija bila ya bajeti ya matunzo, basi tumenunua punda bila ya kununua majani.

Na lijengwe wapi? Hapa Senegali yatupa funzo. Wao walifungua jumba la watu 15,000 mwaka 2018, nalo limejengwa na kampuni ileile ya Kituruki, lakini likawekwa katika mji mpya wa Diamniadio, kiasi cha kilomita 30 nje ya Dakar. Pengine mji huo mpya utakua ulifikie. Hata hivyo kwa kijana asiye na gari, jumba lililo mbali kiasi hicho ni sawa na jumba lililo katika nchi nyingine. Mombasa tukilitupa letu mahali ambapo matatu ya mwisho huondoka saa mbili za usiku, tutakuwa tumewajengea wenye magari tu. Liwe pahali ambapo mtu wa Changamwe na mtu wa Likoni, ambaye yampasa angoje feri, wote waweza kufika na kurudi makwao salama.

Kuna hoja moja nisiyoweza kuikwepa, kwa kuwa ni nzito na wenye kuisema ni watu wa haki. Wao husema: mji huu una kiu. Mifereji hukauka, watu hununua maji kwa mitungi, nawe wataka ukumbi wa taarabu? Nawajibu kwa unyofu: ikiwa ni lazima kuchagua kati ya maji na jumba la dola milioni 104, mimi nachagua maji, na yeyote atakayechagua kinyume asipewe kura. Lakini hatulazimiki kujenga la milioni 104. Jumba la ndani la Kasarani, lililofunguliwa mwaka 1987 kwa ajili ya michezo ya Afrika, lina nafasi ya watu 5,000, na taifa zima limelitumia. Mombasa yatosha nusu ya Kigali, au hata chini ya nusu, maadamu limejengwa vyema, liko karibu na lafunguliwa kila siku. Ukubwa uliopita haja ndio unaoiba maji ya watu.

Na kwa kuwa nimelitaja Kasarani, na niseme na hili. Wengi wetu tukisikia jina hilo hatukumbuki mpira wa kikapu wala muziki. Twakumbuka wajumbe wa vyama wakipiga kelele, kama ilivyokuwa Oktoba 2002 KANU ilipomteua mgombea wake. Siasa ni haki ya watu na mikutano haina budi kufanyika penye nafasi. Lakini wanasiasa wana tabia ya yule ngamia aliyeomba kuingiza kichwa hemani. Jumba lisipokuwa na ratiba iliyoandikwa na kulindwa, mkutano mmoja utafuta mazoezi ya wiki nzima, na mtoto aliyekuja na viatu vyake mkobani atarudishwa mlangoni na askari.

Kwa hiyo nasema, siku mtakaposikia kwamba ramani ya jumba la Mombasa imechorwa, msidanganyike na picha ya rangi yenye miti iliyopandwa kwa kalamu. Ulizeni kwanza kuhusu ratiba: katika siku 365, ni ngapi zilizotengwa kwa shule, kwa wanawake, kwa vilabu vya mitaa, kwa taarabu na mashairi, na kwa michezo ya usiku wa Ramadhani baada ya tarawehe? Ulizeni kuhusu kiingilio: mchukuzi wa bandarini aweza kumleta mkewe na watoto wake bila ya kuathiri chakula cha wiki? Ulizeni na ufunguo uko kwa nani, na akikataa kufungua ashtakiwe wapi. Majibu ya maswali hayo yaandikwe katika sheria ndogo za kaunti kabla ya jiwe la msingi kuwekwa, kwa sababu baada ya hapo mwenye sauti atakuwa ni mwenye fedha.

Nyota wa ng'ambo na waje, tuwakaribishe kwa halua na kahawa, walipe kodi kubwa, na kodi yao iwalipie taa wale watakaocheza usiku unaofuata. Hivyo ndivyo usiku mkubwa unavyopaswa kuutumikia usiku mdogo. Tukifanya kinyume, tukauacha usiku mdogo ulipie fahari ya usiku mkubwa, basi tutakuwa tumejenga jumba zuri la kupigia picha, na mcheza kwao atabaki nje ya uzio akisikiliza ngoma ya wenziwe.